Sifa za Mzee Woga

Mashujaa wana wa kuwasifu. Mimi leo namsifu Mzee Woga, ambaye hapa Keko, Dar es Salaam, hana hata wa kumpa kiti, ingawa viti vimejaa hadi kando ya barabara vikingoja wateja. Kwenye karakana zetu, ukimwita fundi mwoga umemtukana. Haya, hesabuni vidole vya mafundi. Aliyefika uzeeni navyo vyote, muulizeni alikuwa akimsikiliza nani.

Siku moja kipande cha mninga kiliruka kwenye msumeno wa umeme. Nilipozinduka nilikuwa hatua tatu nyuma, mguu ndani ya kopo la vanishi. Nani aliyeniamuru? Akili ilikuwa bado inatafuta viatu. Mzee Woga ana ofisi yake ndani kabisa ya ubongo, ndogo, yenye umbo la lozi. Wataalamu huiita amigdala, na kwa Kigiriki maana yake ni lozi hiyohiyo. Habari ya kishindo humfikia kwa njia ya mkato, kabla ile sehemu ya ubongo inayopima mambo haijamaliza kupima. Papo hapo huitonya haipothalamasi, sehemu nyingine ya ubongo, amri ikashuka kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, adrenalini ikamwagika damuni. Moyo unadunda, mboni zinatanuka, damu inakimbilia misuli ya miguu, mate yanakauka, na tumbo linaamriwa lifunge duka. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kwamba hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Mimi la kwanza sijawahi kulijaribu.

Wanamlaumu kwamba hachagui: panya darini humshtua kama moto, na mwenye nyumba akibisha hodi tarehe moja, viganja vinalowa kana kwamba amekuja simba. Ndicho ninachompendea! Mlinzi anayepiga filimbi mara mia bure, mara moja kwa haki, amekwisha kulipa gharama zake, tena huyu hadai mshahara. Kunguru wa Dar es Salaam wanamjua vizuri. Warushie jiwe uone. Utaambulia maumivu ya bega.

Bosi alinikata pesa ya vanishi, na vijana wakanicheka hadi Ijumaa. Vidole vyangu ni kumi.