Kamani ya Chama

Tangu waungwana wa Uingereza walipoasisi mwaka 1962 chama cha masanduku ya muziki, sanaa iliyozaliwa Geneva mwaka 1796 kwa mkono wa Antoine Favre, ambamo vijipini vya silinda hukwangua meno ya kitana cha feleji yakalia, mashabiki hawakukosa ilimu: jino likikatika, yuko fundi wa kulitia jipya na kulilinganisha sauti. Lakini katika vyama vya namna hii, hadhirina waliokesha wakibishana kwa ghera juu ya pini moja iliyopinda, wakiulizwa nani atakuwa katibu, kila mmoja hukumbuka udhuru. Sanduku lina kamani, chama hakina. Nawe kijana, ukialikwa kusikiliza tu, tahadhari: utatoka umekuwa mweka hazina.