Pa! Pa! Pa! Kushuka Magara: Washukiwa Saba, Tukianza na wa Mwisho

Pikipiki ya kabureta inayopiga mafataki kila ukirudisha mkono haina jini. Ukifunga mafuta kwenye mteremko kama wa Magara, unaoshuka kutoka Mbulu kwenda bondeni kwa Ziwa Manyara, huku gia imeingia, tairi ndilo linaloizungusha injini. Petroli inayofyonzwa ni haba, cheche ya plagi inashindwa kuiwasha, inatoka mbichi hadi kwenye ekzosi yenye moto, inakutana na hewa mpya na kulipukia humo. Basi kazi ya fundi ni kuuliza mawili: petroli imepungukia wapi, na hewa imepenyea wapi? Mlio mdogo wa pu-pu chombo cha zamani kinaruhusiwa. Ule wa kumwamsha babu, hapana.

7. Ekzosi iliyotolewa utumbo. Kijana, uliitoboa ili Katesh nzima ijue umefika? Imejua. Ng'ombe wa Wadatoga nao wamejua, na wale wana pembe. Rudisha utumbo, ndipo tuongee.

6. Tapeti zilizobana. Valvu ya kutolea moshi isipofunga sawasawa, moto unavujia kwenye bomba. Tapeti husetiwa injini ikiwa imepoa kabisa, na kwa hilo asubuhi ya Mbulu haina mpinzani. Ukiwa hapo hapo, fungua na plagi uitazame.

5. Filta iliyotupwa. Wakati wa mavuno ya ngano kule Basotu, vumbi linaweza kukufanya usilione tairi lako la mbele. Filta ikiziba, pikipiki inakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Dereva anakasirika, anaitupa. Sasa hewa inaingia bila mlango, mafataki yanaanza, na vumbi lilelile linasaga silinda. Umetibu kikohozi kwa kukata koo! Filta ya sponji ioshe, ikauke, uipake oili kidogo. Ya karatasi nunua mpya.

4. Mpira wa kabureta. Ule unaoiunganisha kabureta na kichwa cha injini hupasuka kwa uzee. Weka sailensa, yaani injini izunguke taratibu bila wewe kushika mafuta, uubonyeze na kuukunja kwa vidole: mlio ukibadilika, mwizi umemshika. Kuufunga kwa kipande cha tyubu ni dawa ya kukufikisha Haydom, usifanye ndoa nayo.

3. Wewe na ufunguo wako. Hapa nitakaa kidogo, maana nawapenda watu mnaowabeba. Unafika kichwa cha mteremko, unazima ufunguo ili kubana matumizi, gia ikiwa ndani. Kabureta haijui habari za ufunguo! Maadamu injini inazunguka, inafyonza petroli vilevile, na yote inamiminika mbichi kwenye ekzosi. Ukiwasha tena kule chini: PA! Bomba linaweza kupasuka maungio. Hujaokoa hata kijiko. Na ukisema basi utaweka nyutro, umeiachia breki peke yake kazi yote ya kukuzuia, na mteremko wa Magara si tuta la barabarani. Nyuma kuna mama na mtoto mgongoni. Acha injini iwake, weka gia ya pili, shuka nayo taratibu.

2. Jeti ndogo, na fundi wa mlimani. Hili ndilo la kwetu hasa. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Manyara liko karibu mita 960. Juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inaonekana nyingi, na fundi wa Mbulu anaipunguza mpaka sailensa itulie. Kafanya vyema. Kisha unashuka Magara kuelekea Mbuyu wa Mjerumani kule bondeni, hewa inakuwa nzito kwa karibu asilimia 8, na petroli ile iliyotosha juu sasa ni haba. Ndiyo maana chombo kilicholala kimya Mbulu kinaimba bondeni. Ukiongeza uchafu wa petroli ya chupa kwenye jeti ya sailensa, yenye tundu jembamba kama la sindano, wimbo unakuwa kwaya.

Safisha jeti kwa upepo, usiichokoe kwa waya. Kisha angalia skrubu ya mchanganyiko iko wapi. Ikiwa upande wa filta, inatawala hewa: kaza kidogo ili petroli iongezeke. Ikiwa upande wa injini, inatawala petroli: legeza. Nimeona mafundi wazuri wakizungusha kinyume nusu siku nzima kwa kutolitazama hilo. Robo mzunguko, sikiliza, robo nyingine.

1. Gasketi ya ekzosi. Ndiyo, kile kiduara kidogo pale bomba linapoingia kwenye kichwa cha injini! Ukiona masizi meusi yametambaa kwenye maungio, hewa inaingia hapo kila ukirudisha mkono. Kama huoni kitu, washa injini ya baridi, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache na usikilize: fsss, fsss. Anza hapa kabla hujagusa bisibisi ya kabureta, tafadhali, maana wengi huvuruga kabureta nzima iliyokuwa haina kosa. Weka gasketi mpya, ya zamani ikishabanwa imekwisha kazi. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Pasha injini moto, iache ipoe, kaza tena. Halafu ukipata abiria wa Magara, shuka naye kwa gia ya pili, ukitega sikio.