Mnamsingizia Roboti Bure

Msyuuu! Jamani, hii tabia ya kutangaza misiba ya uongo itaisha lini? Kila siku ya dabi ni yaleyale. Kijana anafungua laivu YouTube kuchambua Simba na Yanga, watu wanajaa, chati inakimbia mpaka macho yanauma. Mara paap! Linki ya "tuma elfu tano upokee elfu hamsini" inapita, inarudi, inapita tena. Mwenye laivu anashika kichwa: "Wadau, roboti wangu wa chati amekufa!" Kesho yake anamfuta, anamleta mwingine. Wiki haijaisha, na huyo naye marehemu. Sasa tuulizane hapa kijiweni, huyu ana chaneli au ana makaburi?

Mimi nabisha. Roboti hawafi ovyo namna hiyo. Wanaajiriwa na watu wasiotaka kusoma maelekezo.

Tuanze na ruhusa. Mtu anajisajili kwenye Nightbot, huduma ya roboti wa chati, anabonyeza kitufe cha kumwingiza kwenye chaneli, halafu anakunja nne anasubiri uchafu ufutwe. Ufutwe na nani? Roboti ambaye hajapewa usimamizi ni mtazamaji kama mimi na wewe. Hawezi kufuta ujumbe wa mtu wala kumnyamazisha mtukanaji. Mlinzi mmemweka getini, funguo na kirungu mmebaki navyo sebuleni, halafu mnashangaa kuibiwa! Na wala si kazi ngumu. Kwenye Twitch, mtandao mwingine wa kurusha laivu, unaandika mstari mmoja kwenye chati yako, /mod nightbot, kwisha habari. YouTube unaingia Studio, kwenye mipangilio ya jumuiya, unamtia kwenye orodha ya wasimamizi. Tena Twitch cheo kina faida nyingine: akaunti ya kawaida inaruhusiwa ujumbe 20 kwa sekunde 30, msimamizi anaruhusiwa 100. Laivu ikichangamka, roboti asiye na cheo anaishiwa kauli mapema.

Halafu kuna huyu wa pili, ndiye kiboko. Ana barua pepe moja na chaneli tatu: ya jina lake, ya duka na ya mpira. Siku ya kumuunganisha roboti akabonyeza ile ya kwanza aliyoiona. Basi roboti wa watu yuko kazini usiku kucha, analinda chaneli ambayo haina hata nzi, huku kwenye mpira matapeli wanajipigia kambi. Ukimwambia bosi aangalie ameunganisha wapi, anakujibu, "Hilo nalijua." Haya, kama unalijua, kinachokuliza ni nini?

Juzi kijana mmoja wa bodaboda alitubishia hapa: "Mimi nilimjaribu mwenyewe. Nikatupia linki kwenye laivu yangu, haikufutwa!" Muuza kahawa akamtazama, akamuuliza, "Ulitupia kwa akaunti gani, mwanangu?" Akajibu, "Yangu." Kijiwe kizima kikacheka. Wewe si ndiye mwenye chaneli? Ulitaka roboti amtimue tajiri? Mwenye chaneli na wasimamizi wake hawaguswi na vichujio. Chukua simu ya shemeji, ingia kama mtazamaji wa kawaida, tupia hiyo linki, hapo ndipo utajua kama roboti yu hai.

Na nyie wenye maduka, mnaolalamika roboti hataji namba ya kuagizia. Matangazo ya kujirudia kwenye Nightbot hayashuki chini ya dakika 5, na yanahesabu pia watu wanavyoongea. Chati ikilala, naye anakaa kimya. Ukimjaribu kwenye laivu yenye wewe na mkeo tu, atanyamaza, na atakuwa sahihi. Kingine, punguzeni maneno. Chati ya YouTube inapokea herufi 200 kwa ujumbe mmoja, Twitch 500. Wewe umeandika historia ya duka tangu babu yako anauza vitenge kwa baiskeli. Itaenea wapi?

Mafundi wetu waliojitengenezea roboti wenyewe nao wana lao. Chati ya Twitch inatumia IRC, mfumo alioubuni Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, mwaka 1988. Ndani yake kuna kubisha hodi: mtambo unatuma PING, roboti lazima aitike PONG. Asipoitika, anakatiwa laini. Fundi kasahau mstari huo mmoja, roboti anachapa kazi dakika chache kisha kimya, na fundi anakimbilia kubadilisha bando. Bando limekosa nini, mzee? Mwingine kabadilisha neno la siri la Twitch, hajui kwamba tokeni, ule ufunguo wa roboti wa kuingilia chati, imekufa palepale, na lazima amuunganishe upya.

Upande wa YouTube kuna mgawo. Programu mpya inapewa pointi 10,000 kwa siku, na kila swali linakula pointi. YouTube yenyewe, kila inapojibu, inakwambia usubiri muda gani kabla ya kuuliza tena. Fundi haoni hilo. Roboti wake anauliza kila sekunde, "Kuna jipya? Kuna jipya?" Mgawo unaisha mpira ukiwa bado unachezwa. Halafu jamaa anakesha kumwasha na kumzima, eti saa sita usiku siku mpya itaanza. Siku mpya ya nani? Mgawo unarudi saa sita usiku ya California, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano wakiwa kwenye saa zao za baridi. Kalale, ndugu yangu.

Lakini penye aibu yenyewe ni kichujio cha matusi. Vijana wanachukua tusi, wanalitia nyota mbele na nyuma. Kwenye Nightbot nyota hiyo maana yake likamatwe hata likiwa limebanwa ndani ya neno jingine. Wamesahau Kiswahili kinavyoshikanisha viambishi. Mzee wa watu anaandika kistaarabu, "Refa anachelewa kumaliza mpira," anafutwa. Mwalimu anauliza, "Unajaribu kumaanisha nini?" Anafutwa, na akirudia ananyamazishwa. Roboti kaona herufi nne zimefuatana, hajui sarufi. Mwingine katia nyota kwenye mzizi wa tusi jingine, basi mkazi wa Kunduchi hawezi kutaja anakokaa, na wa Makunduchi kule Unguja ndiyo usiseme.

Na hili si geni duniani. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwakatalia watu wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kujisajili, kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna tusi la Kiingereza. Sisi tunarudia kosa hilohilo kwa mikono yetu, wakati mtukanaji mwenyewe anachomeka tarakimu kati ya herufi na kupita huku anakuchekea. Ondoeni nyota. Andikeni neno zima, na umbo moja moja linalotumika kutukana. Ni kazi ya jioni moja na karatasi, ila wengi hawaitaki kwa sababu haina kitufe.

Wala msidhani roboti peke yake anatosha. Mwaka 2021 watangazaji wa Twitch walivamiwa na makundi ya akaunti feki yaliyomwaga matusi ya chuki kwenye chati zao. Tarehe 1 Septemba wengi wao waligoma kurusha matangazo siku nzima, na mwishoni mwa mwezi huo Twitch ikawapa watangazaji uwezo wa kudai uthibitisho wa namba ya simu kwa anayetaka kuandika kwenye chati zao. Roboti walikuwepo siku zote hizo. Ilibidi watu wapige kelele.

Kwa hiyo kabla hujamfuta roboti wako, fuata mpangilio huu: angalia usimamizi, angalia chaneli, jaribu kwa simu ya mtu mwingine, kisha pitia kichujio chako neno kwa neno. Ukimaliza, tafuta binadamu mmoja mwenye akili timamu, anayejua matusi ya mtaani na anayejua nani anatania, umpe usimamizi naye. Bando lake, lipa wewe.