Biblia ya Shangazi na Nishani Isiyo na Jina

Ukitaka kujua nani katika ukoo wenu analimezea mate shamba, tangaza kwamba unatafuta historia ya babu. Mimi nilitangaza siku ya kuanua matanga, na kabla sijamaliza kusema, baba mdogo alikuwa ameshauliza hati ya kiwanja iko kwa nani.

Nilichotaka ni Biblia tu. Shangazi anayo ile ya Union Version ya mwaka 1952, na kurasa zake tupu za mwisho zimejazwa nani kazaliwa lini, nani kabatizwa, nani kafa. Mchwa walinitangulia: wamemaliza Mwanzo na Kutoka, wakakwama Walawi, mahali ambapo hata waumini wengi hukwama. Shangazi aliniruhusu niisome nikiwa nimekaa mbele yake, simu yangu akaifutika kwenye pindo la kanga yake nisije nikapiga picha.

Biblia inasema babu alizaliwa 1931. Ukoo mzima unasema alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, ilipita bonde la Kabaw na kufika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwishoni mwa 1944. Kwa hesabu hiyo, babu alimfukuza Mjapani akiwa na miaka 13, huku nyumbani ameacha mke na watoto wawili. Hati yake ya kuachiwa jeshi, iliyokuwa imekunjwa ndani ya Zaburi, inasema alipoandikishwa mwaka 1942 alikuwa na "kama miaka 22". Karani alimtazama usoni, akakadiria, kama ng'ombe wa mnadani.

Nikaugeukia mwandiko. Tangu kuzaliwa kwa babu hadi ubatizo wa watoto wake, hati ni moja na wino ni mmoja, kwenye kitabu ambacho hakikuwapo kabla ya 1952.

"Shangazi, nani aliandika haya?"

"Mimi, mwanangu."

Alikuwa darasa la nne, mwenye hati nzuri kuliko wote nyumbani. Bibi alitaja, yeye akaandika. Bibi aliposema babu kazaliwa mwaka wa njaa, shangazi hakuuliza njaa ipi. Alichagua mwaka uliompendeza. Alipofika kwenye jina lake akajipendelea pia, ndiyo maana baba yangu, mdogo wake wa kumfuata, kwenye Biblia ni kaka yake.

Nishani ya babu, Burma Star, nayo haikunisaidia. Uingereza iliitoa bila kuchonga jina la mwenyewe. Na katika shajara za vita za vikosi, zilizohifadhiwa Kew, London, ofisa akijeruhiwa hutajwa kwa jina. Askari huhesabiwa tu.

Katika kulalamika kwangu, nikamsimulia baba mdogo kisa cha Mwanza cha mwaka 1964. Ujerumani Magharibi ilikuwa inawalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani katika vita vya kwanza, na wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Inasimuliwa kwamba kila mzee alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyesahau.

Baba mdogo akafikiri. "Na wajukuu wanapokelewa?"

Nikamkumbusha kwamba babu alikuwa wa Mwingereza. Hakujali. Asubuhi nilimkuta uani amesimama wima, ufagio begani, mpaka shangazi alipotokea na kumwambia kwamba kwa kuwa ameshaushika, aanzie chini ya mwembe.

Nawe unayepanga kuanza, tazama mwaka Biblia ilipochapwa kabla hujaamini tarehe zake. Kama nishani ni ya Mwingereza ya vita vya kwanza, chungulia ukingoni, huenda jina limechongwa. Kamwulize shangazi yako mapema, na shamba usilitaje kabisa.