Jinsi ya Kuipa Barua Namba Isiyopatikana Tena

Hongera. Umeteuliwa kwenye kamati ya kupanga mtindo mmoja wa Kumb. Na. kwa nyaraka zote, za karatasi na za kompyuta, ili barua iliyoko idara ya ardhi iweze kuitaja barua iliyoko kwa mhasibu na zote mbili zipatikane. Posho ikishasainiwa, fuata mwongozo huu.

Anza na herufi, kwa sababu herufi huipa namba heshima. Tuseme uko Manispaa ya Songea: andika SMC, kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakimtishi mkaguzi. Usihangaike kwamba Singida, Shinyanga na Sumbawanga nazo ni manispaa. Siku nyaraka za nchi nzima zitakapokutana kwenye mfumo mmoja Dodoma, zitajuana zenyewe kwa sura.

Baada ya herufi, jaza kila unachokijua: wilaya, kata, idara, mwaka, hata vifupisho vya jina la afisa aliyefungua jalada. Lengo ni mtu aisome namba na asihitaji tena kulifungua jalada lenyewe. Utamu wa mtindo huu huonekana mipaka inapobadilika, na mkoani Ruvuma hatujambo kwa hilo. Mwaka 2002 Namtumbo ilimegwa kutoka Songea ikawa wilaya. Mwaka 2012 Nyasa nayo ikamegwa kutoka Mbinga. Vijiji havikusogea hata hatua moja, lakini jalada lililobeba wilaya ndani ya namba yake lilianza kusema uongo siku hiyohiyo. Ukiibadilisha namba, barua zote za zamani zilizoitaja zinabaki zikielekeza hewani. Ukiiacha, kila karani mpya wa masjala aelezwe upya kwa nini shauri la Namtumbo linalala kwenye kabati la Songea. Kamati makini huchagua yote mawili: majalada ya mbele yapewe namba mpya, yaliyoko stoo yaachwe na za zamani, na orodha ya kulinganisha asipewe mtu.

Usithubutu kwenda kuuliza parokiani wao namba zao wanazitoaje. Mtu aliyebatizwa Peramiho akifunga ndoa Dar es Salaam, taarifa hurudishwa parokia ya ubatizo na ndoa ikaandikwa pembeni ya jina lake kwenye daftari la ubatizo. Kinachotakiwa ni jina la parokia na namba ya LB, yaani ya daftari hilo la ubatizo. Namba hiyo haisemi ukoo, haisemi kijiji, haisemi baba alikuwa nani. Ni zamu tu ya kuingia kitabuni. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kulipwa posho ya kuibuni.

Sasa weka mikwaju, mingi. Kwenye karatasi SMC/A.20/5/14 inapendeza. Kwenye kompyuta ya Windows mkwaju haukubaliki katika jina la faili, hivyo katibu muhtasi mmoja ataweka kistari, wa pili kistari cha chini, wa tatu atabana vyote pamoja. Barua moja, majina matatu, na la nne litakuja lenyewe: SMC A20 MPYA FINAL 2.

Changanya pia herufi O na sifuri, herufi I na moja. Mmarekani Douglas Crockford alitengeneza alfabeti ya alama 32 isiyo na I, L wala O ili watu wasikosee wanaposomeana. Watu wa namna hiyo hawana kazi za kufanya.

Kijana wa TEHAMA atapendekeza UUID: biti 128, alama 36 ukihesabu na vistari, na kila kompyuta hujitengenezea yake bila kuuliza makao makuu wala kuhofia kugongana. Mwombe aisome kwa simu kwa mtendaji wa kijiji. Akimaliza, mkumbushe kuwa katika XML, muundo wa nyaraka za kompyuta, kitambulisho rasmi cha kipengele hakiruhusiwi kuanza na tarakimu, na UUID huanza na tarakimu au herufi kwa bahati. Leo mfumo utakubali, kesho utakataa, na hakuna atakayejua sababu.

Akija mwingine na Akoma Ntoso, kiwango kilichoandaliwa kwa ajili ya nyaraka za mabunge ya Afrika kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, mkatalie kwa upole. Kwa kiwango hicho Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaandikwa /akn/tz/act/1999/5: nchi, aina, mwaka, namba. Vinne tu, vyote vya siku ya kuzaliwa, hakuna hata kimoja kinachomtaja mwenyekiti wa kamati. Bora umpe Sura ya 114, ambayo ni sheria hiyohiyo, ili mabishano yaendelee hadi chai.

Hatimaye, daftari la kutolea namba liwekwe kwenye droo ya mtu mmoja, na ufunguo aende nao likizo. Jalada lisipopatikana, fungueni jalada la muda. Namba litapewa akirudi.