Wamepataje Hapa?

Waandishi wa majibu ya hesabu za Kidato cha Tano na cha Sita ni watu wenye haraka. Sijui wanakimbilia wapi. Mwandishi anaanza vizuri: swali lote kalinukuu neno kwa neno, mchoro kauchora kwa rula, mstari wa kwanza kafungua mabano, mstari wa pili kajumlisha 2 na 3 na kukuonyesha kwamba ni 5, usije ukapotea njiani. Halafu akifika pale penyewe ulipokwama, anaandika "ni dhahiri kwamba", na mstari unaofuata ni jibu.

Mimi balaa hili limenirudia ukubwani. Nina mpwa yuko Kidato cha Sita, kombi ya PCM, na dada yangu alishatangaza kwenye ukoo mzima kwamba mjomba mtu alisoma kombi hiyohiyo. Kwamba tangu nimalize shule hakuna mwajiri aliyewahi kuniomba nimtafutie intigresheni ya kitu chochote, hilo yeye halimhusu. Aliyesoma kasoma. Basi usiku, wakati watu wenye akili zao wamelala, simu inalia. Ni picha: ukurasa wa desa uliopigwa kwa upande, kidole gumba kimefunika nusu ya swali, na chini yake ujumbe. "Shikamoo mjomba. Hapa wamepataje?"

Marahaba. Hata mjomba angependa kujua wamepataje.

Safari moja ilikuwa intigresheni ya sec x. Desa lilikuwa na mistari minne tu. Wa kwanza, swali. Wa pili: zidisha kiasi na asili kwa (sec x + tan x). Wa tatu, kiasi kimegeuka kikawa ndicho kile kile unachopata ukiifanyia asili difrensiesheni. Wa nne, jibu: ln |sec x + tan x| + C. Nikaikagua kazi yote, haina kasoro. Kuzidisha juu na chini kwa kitu kimoja ni kuzidisha kwa 1, na kuzidisha kwa 1 hakujawahi kumdhuru mtu.

"Sawa mjomba, nimeona haina kosa," mpwa akaandika. "Lakini mtu anajuaje kwamba azidishe kwa hiyo? Kwa nini isiwe nyingine?"

Nikamwambia alale, asubuhi ina baraka zake. Yeye akalala. Mimi nikabaki macho, nikaamka kutafuta, na nilichokikuta kilinikasirisha zaidi. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichapa ramani ya dunia ambayo nahodha akichora juu yake mstari mnyoofu, anashika mwelekeo mmoja wa dira safari nzima. Ila ili kuichora ramani hiyo sawasawa, inabidi kujumlisha sekanti za latitudo, kipande kidogo kidogo, kuanzia ikweta kwenda juu. Mwingereza Edward Wright alizijumlisha kwa mkono na kuchapisha majedwali yake mwaka 1599. Katika miaka ya 1640 mwalimu wa unahodha, Henry Bond, akayaweka majedwali hayo kando ya majedwali ya logi za tanjenti, akaona namba zinalingana. Kwa nini zinalingana, hakujua. Wanahisabati wakalihangaikia jambo hilo hadi mwaka 1668, ndipo James Gregory wa Scotland akalithibitisha. Kwa hiyo ule mstari ambao mwandishi wa desa kauandika bila hata kusema pole uliwachukua mabingwa karibu miaka 70, wakiwa na majedwali mezani na meli zinasubiri baharini.

Asubuhi nikamsimulia mpwa kisa chote, nikitegemea macho yatamtoka. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mjomba, nikariri?"

"Kariri, mwanangu."

Kuna na lile la eˣ sin x. Hilo unalifanyia intigresheni kwa sehemu, unatoa jasho, halafu unaifanya mara ya pili, na baada ya nusu ukurasa unakuta mkononi umeshika swali lile lile ulilopewa mwanzo. Ni kama kupanda daladala Mbagala kwenda mjini, ukasinzia, ukaamka uko Mbagala na konda anakudai nauli. Mwanafunzi mwenye roho nyepesi anafuta kila kitu hapo. Kumbe hapo ndipo ushindi ulipo: swali limejirudia likiwa na alama ya kutoa mbele yake, kwa hiyo ulihamishie upande wa pili, zitakuwa mbili, ugawanye kwa 2, kwisha. Sentensi moja hiyo ingetosha. Desa limeruka kutoka kwenye jasho hadi kwenye jibu, na katikati limeandika neno moja: "Hivyo".

Lakini nisimwonee mwandishi peke yake. Kuna wakati anashirikiana na mashine ya fotokopi, na hapo ndipo watu huumia.

Shule niliyosoma ilikuwa ya bweni, mbali na mji, na madesa yalitufikia yakiwa kopi ya kopi ya kopi. Duara zilikuwa zimebinywa, pembe mraba zilishaacha kuwa mraba, na mchoro wa jiometri ulikuwa wa kubahatisha. Katika moja ya madesa hayo lilikuwamo swali la mpira. Mpira umerushwa wima kwenda juu, na kimo chake baada ya sekunde t ni h = 20t − 5t²; tafuta kimo cha juu kabisa utakachofika. Sasa, mwandishi alikuwa amekata mstari baada ya 20t, na mstari wa chini ulipaswa kuanza na alama ya kutoa. Mashine ya fotokopi ilikuwa imekula pambizo yote ya kushoto. Mstari wa chini ukaanza na 5t² kavukavu.

Tukaichukulia ni kujumlisha, maana alama ikipotea Mtanzania hujumlisha. Tukafanya difrensiesheni, tukapata 20 + 10t, tukalinganisha na sifuri. Jibu: t = −2. Mpira umefika kileleni sekunde 2 kabla ya kurushwa.

Tukafungua desa kuona mwenyewe kafanyaje. Mwenyewe hakufanya kitu. Aliona difrensiesheni ni dhahiri, akaandika tu t = 2 na h = mita 20. Bweni likakaa kikao. Mwenzetu wa kitanda cha juu, ambaye siku hizi ni mtu mzito na simtaji, akatoa fatwa: "Muda hauwezi kuwa hasi. Unaondoa alama." Hoja ikapita bila kupingwa. Tukaweka 2 kwenye kanuni yetu, tukapata mita 60, desa linasema 20. Macho yote juu, kitanda cha juu. "Arobaini zimechukuliwa na mvutano wa dunia," akasema, akavuta shuka. Na hiyo ikapita. Walikuwepo waliokwenda kuiandika kwenye daftari la kanuni kwa kalamu nyekundu.

Jaribio lilipokuja, mwalimu alikusanya karatasi, na ziliporudi zilikuwa na maoni yanayofanana kutoka dawati hadi dawati: "Mpira umefika juu kabla haujarushwa. Aliyeurusha aje ofisini." Tulikwenda wengi. Alipoliona desa lenyewe alilisoma akiwa amesimama, akaligeuza, akalisogeza dirishani kwenye mwanga, kisha akachukua kalamu na kukirudisha pale pambizoni kile kistari chembamba. Hakusema neno. Kistari hakizidi nusu sentimita.

Zamani mambo hayakuwa ya kukimbizana hivi. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, alikuwa anawaandikia watu wenye shida zao, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za mirathi. Mtu anayegawa urithi huwezi kumwambia "ni dhahiri", watu watatoana roho. Angalia alivyolishika swali lake maarufu: mraba ukiongezwa mizizi yake 10 ni sawa na 39. Chukua nusu ya mizizi, anasema, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ijumlishe na 39, unapata 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Hapo hakutumia alama hata moja. Hata namba aliziandika kwa maneno. Na baada ya hapo hakuondoka, alichora mraba na vipande vya kuujazia ili uone kwa macho ile 25 imetoka wapi. Jibu la pili, −13, hakulitaja, na simlaumu: urithi wa hasi kumi na tatu hakuna ndugu atakayeugombea.

Wa kwetu hawachori. Na ndiyo maana siku moja nililazimika kumpeleka mpwa kwa fundi bati Gerezani.

Swali lenyewe kila aliyepita huko analijua. Una bati la mraba, unakata miraba midogo kwenye kona nne, unakunja pande ziwe kuta, unapata sanduku. Ukate kona za ukubwa gani ili sanduku liingize ujazo mkubwa kuliko yote? Bati letu lilikuwa la sentimita 60 kwa 60. Desa likasema ujazo ni x(60 − 2x)², difrensiesheni ikilinganishwa na sifuri inatoa x = 10 na x = 30, kisha: "x = 30 haifai, hivyo x = 10." Haifai kwa nini? Kimya. Na hiyo 10 imekuwaje kubwa kuliko zote? Kimya kikuu.

Fundi alilipokea bati, akasikiliza maelezo, akamtazama mpwa, akanitazama mimi.

"Sanduku gani halina mfuniko?"

"Swali halijataja mfuniko," mpwa akajibu.

"Hilo ni beseni." Akachukua kipande cha chaki. "Na kona hizi mkikata mnazipeleka wapi?"

Mpwa akasema zinatupwa. Fundi akapiga hesabu yake mwenyewe kwa kidole juu ya bati: sentimita 10 kwa 10, mara nne, ni sehemu moja ya tisa ya bati la watu. Akatikisa kichwa. Kona hazikatwi, akatuambia, zinakunjwa kwa ndani na kulazwa ubavuni. Ukikata utalazimika kulehemu, na palipolehemiwa ndipo panapovuja. Beseni linabaki lile lile, na bati halitupwi. Nikamwuliza je, tukikata kona za sentimita 30? Akacheka. Ukikata 30 bati lote limeisha, umebaki na vipande vinne na huna chombo. Basi hiyo ndiyo "haifai" ya kwenye desa.

Lakini kijana alikuwa bado na swali lake. Kwa nini 10? Fundi akamwambia ajaribu nyingine. Akatoa simu, akapiga hesabu: kona za sentimita 10 zinaleta lita 16 kamili. Za sentimita 9, lita 15.876. Za 11, lita 15.884. Akazisoma kwa sauti, akazirudia. Zote mbili zimepungua, ya kulia na ya kushoto.

"Zimepungua kiasi gani?" fundi akauliza.

"Kama mililita 120 hivi."

"Nusu glasi." Akaweka chaki chini. "Yaani mmetoka huko kwenu mpaka hapa, bati mkononi, kwa ajili ya nusu glasi ya maji?"

Mpwa akanyamaza, halafu nikaona uso umefunguka. Maana fundi alikuwa amesema, kwa hasira ya mtu anayecheleweshewa kazi za wateja, kitu ambacho desa zima halikukisema: ukifika juu kabisa, kusogea kidogo huku au kule hakubadilishi karibu chochote. Ndiyo maana ya difrensiesheni kuwa sifuri. Unailinganisha na sifuri kwa sababu kileleni pako tambarare. Nilipokuwa shule niliilinganisha na sifuri miaka miwili kwa sababu mwalimu aliilinganisha na sifuri.

Beseni lipo nyumbani kwa dada, analelea mchicha humo. Halivuji.

Sasa nawaomba ninyi mnaoandika majibu. Tunajua mnajua, hilo halina mjadala, na hakuna anayetaka kuwapunguzia sifa. Lakini anayenunua desa lenu si yule anayeona kila kitu ni dhahiri, huyo hela yake ananunulia chipsi. Mnunuzi wenu ni yule aliyekwama mstari wa pili. Ukizidisha kwa kitu cha ajabu, mwambie kimetoka wapi, na kama hujui, mwambie akariri ili alale mapema. Ukikataa jibu, sema kwa nini umelikataa. Alama ya kutoa usiiache mwanzoni mwa mstari, iweke mwishoni mwa mstari wa juu, na pambizo ya kushoto acheni sentimita 3. Watu wa stesheneri hawatabadilika.