Bahari ya Uthiru

Jirani yetu wa ghorofa ya pili kule Kileleshwa alikuwa mhandisi wa majengo, na hilo ndilo lililoniponza. Angekuwa daktari wa meno ningejaza maji yangu kimyakimya. Lakini mafundi walipokuja kupima sebule yangu ya ghorofa ya tatu, alipanda na taulo begani kuuliza kelele ni za nini. Nikamweleza kwa fahari: tangi la vioo la urefu wa mita 3, upana sentimita 90, kimo sentimita 75, ndani yake maji ya chumvi, mawe ya matumbawe na samaki wa rangi, kipande cha Pwani pale pale kando ya televisheni. Akanyamaza. Akashuka kwake, akarudi na kalamu.

"Hizo ni lita 2,000 na kitu. Lita moja ni kilo moja, na ya chumvi inazidi kidogo. Yaani tani 2, na bado hujaweka kioo wala jiwe." Akapiga mstari chini ya hesabu. "Ndugu yangu, unataka kuegesha matatu juu ya kitanda changu."

Nikamwambia matatu hii haina dereva wala makanga, itatulia. Haikusaidia. Jioni ile ile mwenye nyumba akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuelezwa. Watu huhama kwa ajili ya shule, kodi au mama mkwe. Sisi tulihama Kileleshwa tukaenda nyumba ya chini kwenye ploti moja Uthiru, kwa ajili ya samaki ambao hatujawanunua. Mke wangu hakugomba. Alinunua daftari la kurasa 96, akaandika BAHARI kwenye jalada, na lori la kuhamisha vyombo likawa mstari wa kwanza.

Mimi ni mtoto wa Likoni. Utotoni bahari ilikuwa kitu cha bure kilichokaa mwisho wa njia. Ilijipasha joto yenyewe, ikajikoroga yenyewe, ikajitia chumvi yenyewe, na hakuna aliyeniletea bili. Miaka mingi ya Nairobi ndiyo iliyonitia hamu ya kuiona nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Tangi lilijengwa na fundi wa vioo wa Kawangware, kioo cha milimita 19, silikoni ikanuka siki nyumba nzima kwa wiki. Tulipolijaza maji ya kujaribu, kona moja ikaanza kudondosha. "Hiyo si kuvuja," fundi akasema, "hilo ni jasho." Lilitoka jasho siku tatu mpaka akakubali kuja kulifuta na silikoni nyingine.

Kisha chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo lita 2,000 zinataka kilo 70. Nilifurahi kupata jibu hilo, maana chumvi si shida Kenya. Inakaushwa kwa jua kule Gongoni na Marereni hadi inakuwa vilima. Nikaenda duka la jumla karibu na River Road.

"Kilo 70? Una ng'ombe wangapi?" mwenye duka akauliza bila kuinua macho.

"Si ng'ombe. Ni samaki."

Sasa akainua. "Unawakausha?"

"Nawafuga."

Alimwita mwenzake kutoka nyuma ya magunia aje anione.

Usiku ule nilisoma vizuri zaidi, kama ninavyosoma kila kitu, yaani baada ya kulipa. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi, na iodini waliyoitia kwa ajili ya shingo zetu. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, potasiamu na kalsiamu, na kalsiamu ndiyo matumbawe hujengea mifupa yao. Chumvi inayofaa huja kwa ndoo kutoka ng'ambo. Mzaliwa wa Likoni akaagiza chumvi ya bahari Ulaya; mke wangu aliandika mstari huo kwa kalamu nyekundu. Zile kilo 70 bado ziko stoo, na wajukuu wangu hawatanunua chumvi.

Maji yenyewe nayo yalitaka kuchujwa kwa mashine ambayo, kwa kila lita 1 safi inayokutolea, humwaga 3. Na huku kwetu bomba lina siku zake. Zile lita za kumwagwa nilizielekeza kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba, na naweza kusema bila majivuno kwamba kwa miezi miwili kitu pekee kilichostawi katika mradi wangu wa bahari kilikuwa sukuma wiki.

Mawe nilishuka mwenyewe kuyatafuta. Mjomba wangu, mvuvi mstaafu, alinikatiza kabla sijamaliza kueleza. "Tumbawe hai huling'oi. Utalala ndani, na mimi siji kukutoa." Akanipeleka bara kidogo, kwa wachimbaji wa mawe. Ukanda ule wa Pwani umekaa juu ya matumbawe ya kale, yaliyoota bahari ilipokuwa imepanda kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Watu huyakata yakawa mawe ya kujengea, na ndiyo hayo hayo Wareno waliyojengea Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Nikajaza magunia matano. Karani wa mizigo kwenye ofisi ya basi aliyapima, akayapapasa, akaniuliza taratibu kama anayezungumza na mgonjwa: "Unapeleka mawe Nairobi. Kwani mawe ya Ndarugo yameisha?"

Pamoja na magunia nilibeba mtungi wa lita 20 za maji halisi ya Bahari ya Hindi, yawe hamira ya kuanzishia yale ya kwangu. Usiku wa manane, njiani, basi likasimamishwa likakaguliwa. Askari akaumulika mtungi. "Mnazi?"

"Maji ya bahari, afande."

"Kunywa."

Nikanywa. Aliumulika uso wangu kwa muda, akaridhika. Uso ule hauwezi kuigizwa.

Mama alipanda wiki iliyofuata kuja kuona kazi ya mwanawe. Nilingoja giza liingie ndipo niwashe taa za buluu. Mawe yalikaa ndani ya maji maangavu, mapango na vichochoro, hata mimi nilipumua. Mama alisogea, akavaa miwani, akatazama kwa makini sana.

"Mwanangu, mawe haya si ndiyo tulojengea choo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe umeyatilia taa." Akaenda jikoni.

Jambo ambalo hakuna anayekuambia ni kwamba tangi jipya halipokei samaki. Kwanza bakteria wazaliane, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na kazi hiyo hula mwezi au zaidi. Wakati huo wote unawalisha uozo. Nikaenda City Market pale Muindi Mbingu, upande wa samaki, nikaomba kamba watano, ikiwezekana wa jana.

"Hapa hakuna kamba wa jana," muuzaji akasema, ameudhika kweli, na alikuwa na haki. Nikamweleza kwamba nataka kuwaozesha. Aliniuzia wa leo kwa bei ya leo na hakunikaribisha tena. Nikawatumbukiza kwenye tangi, nikaenda kazini nikiwa na furaha ya mtu aliyepanda mbegu. Niliporudi walikuwa kwenye mchuzi wa nazi. Mama alikuwa amewaopoa kwa kata. "Mnaacha vyakula vyaharibika humu ndani," akasema. Walikuwa watamu. Kesho yake nikarudi kwa yule muuzaji.

Samaki walikuja kwa mfanyabiashara wa Pwani mwenye leseni. Kuna wapiga mbizi wetu wanaoishi kwa kazi hiyo, wakiwavizia samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo, na wengi wa samaki hao hupanda ndege kwenda kuishi Ulaya na Marekani. Karatasi za kumpeleka samaki ng'ambo zinajulikana. Uthiru ilibidi niwaelekeze njia kwa simu. Walifika wawili wa kwanza ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, rangi ya chungwa iliyokolea, na mwanangu wa miaka saba akaweka pua kwenye kioo.

"Baba, hawa si Nemo. Nemo ana mikanda mitatu. Hawa wana miwili." Akanigeukia kwa huruma. "Umeuziwa feki."

Nilijaribu kumweleza kwamba yule wa filamu ni wa bahari za mbali, mashariki, na kwamba hawa wenye mikanda miwili ndio wa kwetu, hawapatikani popote ila upande huu wa Bahari ya Hindi. Alinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mwenye duka la simu Luthuli akieleza kwa nini nembo imeandikwa vibaya.

Basi tukaanza kuishi kwa ajili yao. Julai Uthiru asubuhi tunaamka na masweta, tunapuliza vidole, na samaki wako kwenye nyuzi 25 mchana na usiku. Tokeni za stima nanunua kama mtu anayenunua kadi za kukwangua. Halafu kuna hewa. Hapa tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, mahali ambapo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na oksijeni inayoyeyuka ndani ya maji imepungua karibu sehemu moja kwa tano. Kwa samaki aliyezaliwa usawa wa bahari, sebule yangu ni mlima. Kwa hiyo pampu zisisimame. Matumbawe hai bado sina. Yanataka vibali vya mkataba wa CITES na yanataka mtu ambaye amekwisha kushinda utelezi wa kahawia ulionifunikia mawe. Lakini dirisha letu lilikuwa liking'aa buluu hadi saa nne usiku, na watu wa ploti walikuwa wameanza kupunguza mwendo wanapolipita.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, karibu saa nne usiku, stima ilipotea. Nilidhani ni tokeni. Nikatoka nje: Uthiru yote giza, Kangemi giza, na redio ya simu ikasema ni nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege. Inveta nilikuwa nimeipangia mwezi wa Septemba.

Pampu zikiwa zimesimama, samaki walipanda juu wakaanza kuhema. Dawa ipo moja: chota maji, yainue juu, yamwage yapige uso wa maji yachukue hewa. Mke wangu akashika jagi, mimi sufuria, mwanangu kikombe. Mama, aliyekuja kwa wiki mbili na huu ukiwa mwezi wake wa tatu, alichukua kata yake na kuyamwaga kutoka juu kabisa, kama chai inayopozwa, huku akiwataja kwa sauti ya chini ndugu wote wa ukoo walioharibu pesa, mmoja mmoja, tangu babu. Tulipanga mishumaa kando ya kioo. Ilikuwa yapata saa saba usiku jirani wa mlango wa tatu alipobisha kuomba kiberiti. Mlango ulikuwa wazi. Akaona watu wanne wamezunguka sanduku la kioo kwenye mwanga wa mishumaa, wanainua maji na kuyamwaga, na bibi kizee amejitanda kanga, ananong'ona bila kukoma.

"Samahani," akasema, akaondoka bila kiberiti.

Stima yetu ilirudi Jumamosi alasiri. Samaki wazima wote wawili. Sisi hatukuweza kuinua mikono. Na wiki iliyofuata watu wa ploti wakaanza kunisalimu kwa mikono miwili.

Jumapili jioni keateka alibisha, amevaa koti, chupa ya plastiki mkononi.

"Mzee, nisaidie na ile maji kidogo tu. Ni ya goti."

"Haya ni maji ya samaki."

"Najua," akasema kwa unyenyekevu mkubwa. "Hata mitume walikuwa wavuvi."

Nikamtazama Mama. Mama akatazama dari. Nikamjazia, akaifunga kwa kitambaa, akaacha shilingi 50 mezani akakataa katakata kuzirudisha mfukoni. Mke wangu alifungua daftari la BAHARI, akapekua kurasa mbele na nyuma, akaona halina safu ya mapato. Akaomba rula.